Hewa ya Ikinga

Chapwa, Tunduma
16 Juni 2024

Kwa babu yake Loisi,

Shikamoo, baba.

Nimefika salama. Ninakuandikia kwa sababu sina njia nyingine. Mama mkwe alipokuwa hai nilimwambia yeye, yeye akakwambia wewe, na jibu likarudi kwa njia hiyohiyo. Mume wangu Ambwene naye alikuwa anakupigia simu, mimi nimekaa pembeni. Sasa mama na mwanawe wamelala pamoja makaburini kule juu ya shamba la kahawa, na tumebaki sisi wawili ambao kwa heshima ya ukwe hatutazamani wala hatusikii sauti. Miaka tisa nimekuwa mke wa mwanao na sijui unaongeaje. Wenzangu wa hapa nikiwasimulia wanacheka, wanasema mambo hayo yaliisha zamani. Nawajibu yaliisha kwenu. Jana nilipomkabidhi mtoto kwa jirani yako Germana pale barabarani, niliona shati la bluu likipita nyuma ya nyumba, nikainamisha kichwa mpaka likapotea.

Daktari amesema waziwazi kwamba Loisi atolewe kwenye moshi wa malori. Foleni ya mpakani sasa inapita mbele ya kibanda changu usiku na mchana, injini haizimwi, na mtoto wa miaka minane alikuwa anafanya kazi za shule katikati ya hayo. Mimi siwezi kutoka. Hapa mama lishe akikosekana wiki moja anakuta jiko la mwenzake mahali pake, na madereva wameshahamia huko. Kwa hiyo nimebaki na malori, na Loisi amekuja kwako.

Pampu yake ya bluu ya pumu iko kwenye mfuko wa sweta. Avute akibanwa tu. Hiyo moja inatakiwa imfikishe Krismasi.

Halafu kuna jambo lingine, usinikasirikie. Kijana wa mradi wa kupima hewa, Wilbard, ametundika kijisanduku cheupe juu ya kibanda changu. Kinanusa hewa na kutuma majibu kwenye kundi letu la simu kila saa, kwa rangi. Kijani ni nzuri, njano ni ya kuvumilia, nyekundu ni mbaya, zambarau maana yake kimbia. Anatafuta mahali penye hewa safi akatundike kingine ili alinganishe. Nikamtajia kwako.

Mke wa mwanao,
Tumpale


Ikinga, Ileje
30 Juni 2024

Mama Loisi, mkwe wangu,

Marahaba. Namshukuru Mungu aliyetuamsha, mimi na huyu mgeni wangu ambaye anakula ugali kama amelima.

Umefanya vema kuandika. Barua haina uso wala sauti, kwa hiyo hatujavunja kitu. Ungeweza kunitumia ujumbe kwenye kisimu changu, lakini vile vibonyezo mimi sivioni, na Germana akinisomea itajua kata nzima.

Kijana wako amekuja na pikipiki na buti safi. Amesimika mlingoti uani, akakiweka kijisanduku juu na kioo chake cha umeme wa jua, akaniagiza nisikiguse hata kwa kukifuta vumbi. Nikamuuliza kinatafuta nini huku. Akasema, "Mzee, hapa tunatafuta hewa ya mfano." Jumapili baada ya ibada nimewatangazia wazee wenzangu wa kanisa kwamba hewa ya nyumbani kwangu ndiyo ya mfano katika mkoa mzima wa Songwe. Hawajapenda.

Loisi hajakohoa tangu ashuke kwenye gari la Rubeni lililowaleta kutoka Tunduma. Baridi ya mwezi huu ni kali, asubuhi majani yanakuwa meupe, lakini usiwe na wasiwasi, namtunza kama tulivyomtunza baba yake. Siku tatu hizi anahesabu kuku kwa lugha yetu ya Kindali na kukosea kwa makusudi ili nicheke.

Usimtoe huku haraka, mama. Nyumba ilikuwa imenyamaza mno.

Jonasi


Chapwa, Tunduma
21 Julai 2024

Kwa babu yake Loisi,

Shikamoo, baba.

Siku hizi nikiamka, kabla sijawasha jiko, nafungua simu natazama rangi. Tunduma nyekundu, Ikinga kijani. Tunduma nyekundu, Ikinga kijani. Naitazama hiyo kijani kidogo halafu ndiyo naanza kukanda unga. Dereva mmoja wa Zambia aliniuliza, "Ba mayo," yaani mama, "mbona unacheka na simu?" Nikamwambia mwanangu anapumua.

Foleni imevuka eneo la Mpemba. Wanasema mfumo wa forodha umegoma, halafu wanasema umepona, lakini malori hayasogei. Vumbi linakaa juu ya chai kabla mteja hajaifikia. Mimi ni mzima, sauti tu imekauka kidogo.

Nina maswali mawili, baba, naomba unijibu yote. Analala wapi? Umempa chumba cha mama? Nakumbuka mama aliniambia kile chumba kina dirisha la upande wa bondeni na hakivuji. Nimempa Rubeni alete blanketi zito kwa ajili ya kitanda hicho.

Tumpale


Ikinga
11 Agosti 2024

Mama Loisi,

Blanketi limefika na limemmeza mtoto, nikimtafuta asubuhi napapasa kwanza miguu. Anasoma vizuri. Amekuwa rafiki wa mbuzi mmoja asiye na adabu. Maharage tumevuna, si haba. Germana anakusalimu.

Sasa sikia mambo ya huku. Juzi wezi wamepanda paa la shule na kung'oa vioo vyote vya jua. Nikaona huu mlingoti wangu uani unawaita. Na manyunyu ya asubuhi nayo yanakilowanisha kile kidude mpaka nakionea huruma. Kwa hiyo kila jioni nakishusha, naingiza ndani, nakiweka pale ambapo nyumba hii imeweka kila kitu cha thamani tangu enzi za baba yangu. Asubuhi nakirudisha juu kabla jua halijakasirika. Tafadhali usimwambie Wilbard. Nilimwahidi nisikiguse, na mzee wa kanisa hapendi kuulizwa kuhusu ahadi.

Nikuombe kitu kidogo. Rubeni akija tena, ampe Loisi pampu nyingine. Ile ipo, ni ya akiba tu. Kukaa na moja ni kama kukaa na kiberiti cha njiti moja.

Jonasi


Chapwa, Tunduma
8 Septemba 2024

Kwa babu yake Loisi,

Shikamoo, baba. Pampu hiyo hapo, nimeifunga kwenye kitenge.

Baba, kuna nini huko? Wiki nne sasa Ikinga ni kijani mchana, na ikifika jioni inageuka zambarau mpaka asubuhi. Zambarau, baba. Sisi hapa kwenye malori mia tano hatujawahi kuipata. Wilbard anasema ni moto wa mashamba, watu wanachoma milima kuandaa kulima, na moshi wa upande wa Malawi unavuka mto ukilala bondeni usiku. Anasema ndivyo ilivyo miezi hii.

Sijamwambia kwamba unakiingiza ndani. Nimekaa kimya kwa sababu yako, na hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Kama kijisanduku kimefungiwa kwenye kabati la mama, chumbani kwake, nyuma ya mlango, na bado moshi unakifikia kiasi hicho, huko nje kukoje?

Nakuomba sana, ikianza jioni usimruhusu Loisi akae uani. Mwingize ndani mapema, funga mlango, ziba mianya yote kwa matambara, chini ya mlango na kule juu ukuta unapokutana na bati. Moshi wa nje usipate pa kupita.

Nimefikiri kumrudisha huku, lakini nimrudishe wapi? Nimefikiri kumpeleka Mbozi Mission, lakini sina mtu pale. Nikigeuka huku ni malori, nikigeuka huko ni milima inaungua. Nakuachia wewe, baba, mzibie vizuri.

Tumpale


Ikinga
29 Septemba 2024

Mama Loisi,

Wilbard amekuja mchana na kamera yake kutafuta moto. Amezunguka kilima kizima, akakuta kibichi. Nimemwambia mbele ya watu kwamba katika kitongoji hiki hakuna aliyewasha kiberiti shambani mwaka huu, na anayetaka kuwasingizia watu wa Ikinga aanze na mimi. Hewa ya mfano ikageuka kuwa ya aibu kwa wiki saba! Wale wazee wenzangu sasa wananisalimia kwa kucheka.

Hata hivyo nimetii ulivyosema. Nimeziba. Nimekata gunia la zamani, nikajaza mianya yote, na mlango nimeubandikia kipande cha blanketi kuukuu. Hata upepo sasa unabisha hodi. Ndani pana joto zuri.

Chumba cha marehemu uliuliza. Kile kimefungwa. Nilikifunga siku tuliyorudi makaburini na sijakifungua. Tuache hivyo.

Nina ombi lilelile la mara iliyopita. Pampu nyingine, ya akiba.

Jonasi


Chapwa, Tunduma
20 Oktoba 2024

Kwa babu yake Loisi,

Shikamoo.

Nilikuja Jumatano. Najua unajua. Nilisimama barabarani kama mwuza nyanya, Germana akaenda kumwita. Wewe ulikuwa ndani, nami siwezi kuvuka ua ambao baba mkwe yumo. Nikasubiri.

Baba, mtoto amekonda. Nilimkumbatia nikanusa nywele zake, zinanuka moshi kama zangu, zaidi ya zangu. Nikamuuliza, "Unakohoa?" Akatazama nyumba kwanza, halafu akasema, "Kidogo tu mama, babu amesema tusikutie hofu." Ana miaka minane na tayari amefundishwa kunificha.

Pampu ya Krismasi imeisha Agosti. Ya Septemba imeisha. Unaiita akiba. Mimi naitwa mama yake, na nilisimama hatua chache kutoka kwenye mlango wa nyumba anamolala mwanangu nisiweze kuingia kutazama godoro lake. Ningekuwa mgeni wa kuuza dawa za panya ungenikaribisha kiti.

Samahani kwa ukali. Hapana, sijaomba samahani. Niambie anaumwa kiasi gani na analala wapi. Ukinyamaza tena nakuja kumchukua, hata kama nitamlaza chini ya lori.

Tumpale


Ikinga
10 Novemba 2024

Mama Loisi,

Ukali wako nimeupokea. Marehemu mke wangu alikuwa akisema una ulimi, nikawa namwambia umeupata kwake. Sasa nimeusoma mwenyewe.

Mvua zimeanza, siku ya nane leo. Milima imelowa, hata kama mtu angetaka kuchoma hawezi. Kwa hiyo hiyo zambarau ya Wilbard itakwisha na mambo yatatulia. Loisi alikuwa na mafua, yanaondoka. Naacha nafasi hapa chini akusalimie kwa mkono wake, uone kwamba yupo mzima.

Jonasi

Mama shikamoo. Mimi ni mzima. Mbuzi amekula daftari la hisabati nimefurahi. Usiku siogopi giza kwa sababu kijisanduku cha Wilbard kinalala na mimi, babu anakitundika juu yangu kwenye kichanja pamoja na mahindi ya mbegu na kina taa ndogo ya kijani, naitazama mpaka nalala. Babu amenipa mahali pazuri karibu na moto kabisa, yeye analala mlangoni kwenye baridi. Nikikohoa anaongeza kuni. Mama njoo. Loisi.


Chapwa, Tunduma
15 Novemba 2024

Baba,

Nimesoma maneno ya mtoto nikakaa chini kwenye debe la mkaa.

Mvua inanyesha huko siku nyingi sasa, umesema mwenyewe, na leo asubuhi Ikinga ilikuwa zambarau. Hakuna mlima unaoungua. Malawi haina kosa. Moshi huo ni wa jikoni kwako.

Nilidhani umekiweka kwenye kabati la mama. Kumbe mahali pa kitu cha thamani ni juu ya moto, panapotundikwa mbegu ili wadudu wasizile. Nami ni mtu wa huku, nimekulia chini ya kichanja, ningepaswa kujua! Tangu Agosti kile kidude kinapiga kelele kila usiku, kinasema hapa nilipo hapafai mtu kupumua, na hapo kilipo ndipo alipo mwanangu. Sisi tukatafuta moto milimani. Na mimi nikakuandikia uzibe mianya. Mimi, kwa mkono wangu. Umeziba kwa sababu nilikuomba.

Sina hasira tena, baba. Hasira ningeipeleka wapi? Nakuomba mambo mawili tu. Leo hii mtoe chini ya kile kichanja. Halafu nipe siku moja utoke nyumbani, uende popote, ili mimi niingie nione.

Tumpale


Ikinga
24 Novemba 2024

Tumpale mwanangu,

Barua yako ilikaa kifuani mwangu siku mbili kabla sijaweza kukaa na kalamu.

Nilikuficha kukohoa kwa mtoto. Ungemchukua, na mimi ningerudi kuongea na mbuzi. Hilo ni la kwanza. La pili ni gumu zaidi. Katika nyumba hii, karibu na moto huo huo, tulilea watoto saba. Wawili walitutoka wakiwa wadogo, kwa kifua. Tulisema ni baridi ya Ikinga. Mama yao alikuwa anaamka kila mara kuongeza kuni. Ambwene alipozaliwa baada yao tukamweka karibu na moto zaidi ya wote. Nilimpa Loisi mahali pa Ambwene. Sikuwa na mahali pengine pazuri pa kumpa.

Alhamisi alibanwa sana. Nilimbeba mgongoni mpaka zahanati, Germana ametushikia mwavuli. Wamempa dawa ya mvuke, akafunguka. Muuguzi akaninusa koti, akaniuliza tunapika wapi. Nikamjibu. Akaandika kitu. Tangu siku hiyo analala kwa Germana, lakini wao ni tisa kwenye vyumba viwili na hawezi kukaa hapo.

Jumamosi ijayo njoo. Nitakuwa nimetoka. Mlango utakuwa wazi, na ufunguo wa chumba cha marehemu nitauacha juu ya figa. Moto nitauzima mwenyewe. Mimi sitakwenda mbali kwa sababu ya miguu na mvua, nitakaa kwenye banda la kahawa, nimegeukia shamba. Hutaniona.

Ingia, uone. Halafu uamue, nami nitakubali.

Baba yako,
Jonasi


Ikinga, ndani ya nyumba yako
30 Novemba 2024

Baba,

Shikamoo. Naandika kwenye daftari jipya la Loisi, nimekaa juu ya kitanda cha mama. Loisi ndiye atakayekuletea hii hapo bandani. Nimemvika lile blanketi kichwani kwa ajili ya mvua.

Nimeingia. Mguu wa kulia uligoma kizingitini, ikabidi nijisukume kama ninayeingia kwenye maji. Macho yalichukua muda kuzoea giza. Niliona kichanja, mahindi ya mbegu, na ukuta mweusi unaong'aa kama sufuria langu kwa nje. Nikaona gunia ulilozibia, umeliingiza vizuri kwa ncha ya kisu, hakuna tundu hata moja ulilosahau. Nikaona kigodoro cha mtoto kiko ndani kabisa, karibu na mafiga, na mkeka wako mlangoni, mwembamba, umelowa upande mmoja kwa mvua inayopita chini. Nilikuwa nimekuja na maneno mengi ya kusema na kuta zako, baba. Nililia tu. Nimekuwa nikikuwazia vibaya tangu Oktoba, na wewe ulikuwa unalala kwenye maji ili mwanangu apate joto.

Gunia nimelitoa. Lile nililiagiza mimi, kwa hiyo nimelitoa mimi.

Chumba cha mama nimekifungua. Khanga yake bado iko nyuma ya mlango, sijaigusa. Dirisha lilikuwa limepigiwa mbao nne, tukazing'oa kwa jembe mimi na Loisi, na bonde lote likaonekana. Kijisanduku nimekitundika kwenye msumari wa khanga nyingine. Simu inashika mtandao hapa dirishani, kwa hiyo tumekaa tukisubiri rangi kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Imekuja njano. Siyo kijani, ukuta bado unatoa harufu ya miaka yake. Loisi ameuliza, "Mama, njano ni ya kukaa au ya kukimbia?" Nimemwambia ni ya kukaa.

Nimeamua, baba, na uamuzi wenyewe haunipendezi. Loisi anabaki. Atalala hapa, mlango wa jikoni umefungwa, dirisha wazi kidogo hata kwenye baridi, na blanketi mbili. Jiko la kuni lihamie kwenye banda. Kwangu siwezi kumrudisha, na sababu moja sikukwambia. Na mimi nina pampu yangu tangu Agosti. Daktari alisema niondoke kwenye foleni ile nami nikacheka, maana niondoke niende wapi? Nilikuficha kwa sababu ileile yako. Niliogopa utasema mama mgonjwa hana haki ya mtoto. Kesho asubuhi nitapanda gari la Rubeni kurudi kwenye moshi wangu, na Wilbard nitamweleza mwenyewe habari ya kichanja. Nitalichukua kosa hilo liwe langu. Wewe baki na ahadi yako mbele ya wazee.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini wakati naandika, mvua imezidi, na nimekusikia.

Unakohoa, baba. Kikohozi kirefu, kinaanza chini, kinapumzika, kinaanza tena. Loisi amesema, "Huyo babu, kila siku yuko hivyo." Miaka tisa nimeikwepa sauti yako, na ya kwanza niliyoisikia ndiyo hiyo. Kumbe naijua. Ni kama yangu ya alfajiri, kabla sijawasha jiko.

Hapo bandani hakuna ukuta wa upande wa mvua. Humu moto umeuzima kwa ajili yangu, na huko huna moto. Mzee mwenye kifua hicho hawezi kukaa kwenye maji mpaka kesho kwa sababu mkwe yuko ndani, na mimi siwezi kutoka nikalale kwa watu tisa. Sijui wazee wa zamani walisemaje kuhusu siku kama hii. Mama angejua, lakini hayupo.

Chai iko kwenye chupa. Loisi atakushika mkono kwenye ngazi, zinateleza.

Ingia, baba. Nimegeukia ukutani.

Tumpale